Kutoka Kagabiro hadi Geneva: kwa nini tunajenga bweni Katesh

Hotuba ya Kamati ya Elimu kwenye harambee ya mwaka

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, mama zetu, ndugu zetu wote wa Katesh, Endasak, Gendabi, Nangwa, Mogitu, Basotu, Balangdalalu na kila kijiji kinachouona Mlima Hanang asubuhi. Na ninyi jirani zetu wa Mbulu, Haydom na Dongobesh mliokuja kutuunga mkono. 

Kamati imepewa dakika ishirini, na Mwenyekiti ametuonya kwamba chakula kiko tayari. Tutajitahidi.

Tunaanza na swali tuliloulizwa kwenye mkutano wa mwisho, kwa sababu hatukulijibu vizuri siku ile. Tulipoleta pendekezo la kujenga bweni la wasichana katika sekondari ya kata, mzee wetu mmoja alisimama akasema: "Wanangu, mbaazi ziko stoo hazina bei, ninyi mnaniambia habari ya bweni. Nitafutieni soko kwanza, bweni nitajenga mwenyewe." Ukumbi ulicheka na wengine wakapiga makofi. Sisi wa kamati tulikaa kimya, maana mzee alikuwa na hoja. Usiku wa leo tunataka kumjibu kwa heshima. Jibu letu ni kwamba soko la mbaazi na bweni la wasichana ni jambo moja, na ili kulieleza tutasimulia habari za mwanamke mmoja ambaye si wa kwetu. Ni wa Muleba, mkoani Kagera, upande wa pili wa nchi hii. Lakini kwanza, mbaazi.

Wote mnakumbuka mwaka 2017. Miaka miwili nyuma yake mbaazi ilikuwa imepanda bei kuliko tulivyowahi kuona, na watu wakalima. Waliokuwa na ekari mbili wakaongeza mbili, walioweka mahindi peke yake wakachanganya na mbaazi, wengine wakakopa kwa ajili ya mbegu na trekta. Mavuno yakaja. Kisha walanguzi, ambao siku zote huwa wanafika kabla hata mbaazi haijakauka, hawakuonekana. Waliofika walitaja bei ambayo haikulipia hata gunia na kibarua. Mwaka ule simu zilikuwa zinaingia kwetu huku mjini kila jioni: "Mwanangu, mbaazi imelala. Huyu mdogo wako ataendaje shule?"

Wengi wetu tulilaumu walanguzi. Wengine tulilaumu mvua, wengine serikali. Kilichotokea ni hiki. Mnunuzi mkubwa wa mbaazi duniani ni India. Mwaka 2015 India ilikosa mbaazi, bei kule ikaruka, na wakulima wao wakafanya kama sisi: wakalima kwa wingi. Mavuno yao ya msimu uliofuata yakawa makubwa mno. Wakulima wa India wakalalamika kwamba mbaazi za nje zinawaua, na tarehe 5 Agosti 2017 serikali yao ikatoa tangazo: mbaazi zote zitakazoingia nchini humo kwa mwaka mmoja wa fedha zisizidi tani 200,000. Tani hizo zilikuwa za kugombaniwa na nchi zote zinazouza. Agosti, ndugu zangu, ndiyo miezi ambayo mbaazi yetu inatoka shambani.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo watu wachache wanaijua. Msumbiji nao wanalima mbaazi na wanauza India kama sisi. Lakini mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya mlango kufungwa, serikali ya Msumbiji ilikuwa imekaa mezani na serikali ya India na kusaini makubaliano ya miaka mitano: India itanunua kutoka kwao tani 100,000 mwaka wa kwanza, kisha kiasi kitaongezeka hadi kufika tani 200,000. Kizuizi kilipotangazwa, fungu la Msumbiji lilikuwa nje ya kizuizi. Sisi tulibaki kwenye foleni pamoja na wengine.

Kuna na la pili. Tangu mwaka 2008 India imekuwa na mpango wa kupunguza na kufuta ushuru kwa bidhaa nyingi zinazotoka nchi maskini zaidi duniani, na Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo. Lakini kusamehewa ushuru hakukufaidii kitu kama mlango umefungwa kwa kipimo cha tani. Ni sawa na mtu kukuambia mnadani huna haja ya kulipa ushuru wa ng'ombe wako, halafu lango la mnada lina kufuli.

Kwa hiyo mzee wetu aliyetaka soko alikuwa sahihi. Bei ya gunia lake iliamuliwa kwenye ofisi moja ya New Delhi, kwa karatasi ya ukurasa mmoja, na watu wanaozijua karatasi za namna ile. Tujiulize: katika watoto wote waliotoka chini ya Mlima Hanang, ni wangapi wanaojua kuisoma karatasi ile, kuijibu, na kukaa mezani kabla haijaandikwa? Na mabinti wangapi?

Hapa ndipo tunapomleta mama wa Muleba.

Profesa Anna Tibaijuka alizaliwa mwaka 1950 katika kijiji cha Kagabiro, Muleba. Wazazi wake walikuwa wakulima wadogo wa migomba na kahawa. Hakuzaliwa kwa chifu wala kwa tajiri. Mnaomfahamu kama mbunge na waziri mnafahamu sehemu ya mwisho tu ya safari yake. Kazi yake ya asili ni uchumi wa kilimo. Aliusomea mpaka shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Sweden, kule Uppsala, na Kiswidi anakizungumza. Akarudi nyumbani, akafundisha na kufanya utafiti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapo ndipo jina lake lilipoanza kusomwa na wachumi wa nje.

Tunataka mtazame alichokitafiti, maana hakwenda kutafiti benki za London. Alirudi kwenye migomba ya kwao. Mwaka 1994 alichapisha utafiti kuhusu kaya za wakulima wa migomba na kahawa mkoani Kagera. Aliuliza jambo ambalo kila mtu alikuwa analiona lakini hakuna aliyelipigia hesabu: kazi za shamba zimegawanywa, hii ya mwanamume na hii ya mwanamke, na mila inakataza kuvuka mpaka. Je, mgawanyo huo unaigharimu kaya shilingi ngapi? Akapiga hesabu. Akakuta kwamba kama watu wangesaidiana bila kujali mipaka hiyo, kipato cha fedha cha kaya kingeweza kupanda kwa hadi asilimia 10, tija ya nguvukazi kwa asilimia 15, na tija ya mtaji kwa asilimia 44. Shamba ni lilelile na jembe ni lilelile, bila mbolea ya mkopo wala msaada wa mfadhili.

Matokeo hayo yalinukuliwa na mashirika makubwa ya fedha duniani kwa miaka mingi baadaye. Mtoto wa mkulima wa migomba aliwafundisha wachumi wa dunia jambo alilokuwa ameliona kwa mama yake.

Na mwaka 1997 alichapisha utafiti mwingine, mgumu zaidi. Ukimwi ulikuwa umeipiga Kagera kabla ya mikoa mingine. Alikwenda Kagabiro, kijiji chake mwenyewe, akaandika ugonjwa ulifanya nini kwa uchumi wa kaya: kazi zilizokosa mtu wa kuzifanya, mali zilizouzwa kwa ajili ya matibabu na mazishi, mzigo uliobaki kwa wanawake na wazee. Fikirieni kukaa kwenye kigoda cha jirani yako mfiwa, na daftari mkononi. Inahitaji moyo. Lakini bila daftari lile, msiba wa Kagabiro ungebaki msiba wa Kagabiro peke yake.

Tunasema haya tukijua ninyi mnaelewa. Desemba 3 mwaka 2023, asubuhi ya Jumapili, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikapita Katesh, Jorodom na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walifariki. Wengine wetu tulio hapa tulizika ndugu. Kwa wiki kadhaa kamera zilikuwa pale, viongozi walikuja, misaada ilikuja, nasi tunashukuru. Lakini nani amekaa na daftari kuandika kaya zile zilipoteza nini: ghala la mahindi, ng'ombe wa maziwa, mtaji wa genge, msichana aliyeacha shule kumlea mdogo wake? Tunamhitaji Anna wa kwetu. Hatuna budi kumsomesha.

Turudi kwenye safari yake. Wakati akifundisha chuoni alikuwa kwenye ujumbe wa Tanzania katika mikutano mikubwa ya Umoja wa Mataifa ya miaka ile: Copenhagen na Beijing mwaka 1995, Istanbul na Rome mwaka 1996. Na mwaka 1998 akaitwa Geneva.

Geneva ndiko yaliko makao ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa sababu nchi changa zilichoka kuuza mazao kwa bei za kupangiwa. Profesa Tibaijuka aliteuliwa kuwa Mratibu Maalumu wa shirika hilo kwa makundi matatu: nchi zenye maendeleo duni zaidi, nchi zisizo na bahari, na visiwa vidogo. Kwa majirani zetu, maana yake ni Tanzania yenyewe katika kundi la kwanza, Uganda, Rwanda na Burundi ambazo hazina bahari, na Komoro ambayo ni visiwa.

Wengine mtauliza: mratibu wa namna hiyo anafanya nini? Tujibu kwa lugha ya sokoni. Nchi tajiri ikitaka kuuza kwako, inakuja na wanasheria, wachumi na vitabu vya takwimu. Nchi maskini inakwenda kwenye kikao hichohicho na mtu mmoja au wawili, tena waliofika jana usiku. Ofisi yake ilikuwa ni ya kuzisaidia nchi hizo zijue haki zao: bidhaa gani zinaweza kuingia wapi bila ushuru, masharti gani ya asili ya bidhaa yanatakiwa, mizigo ya nchi isiyo na bandari inalindwaje njiani, na takwimu gani uziweke mezani ili usikilizwe. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi tangu orodha hiyo ilipotungwa mwaka 1971. Orodha hiyo si ya kujivunia, lakini ina faida zake kwa anayezijua. Tangu mwaka 2001, kwa mfano, Umoja wa Ulaya unapokea bidhaa za nchi hizo bila ushuru wala kikomo cha kiasi, isipokuwa silaha. Mlango uko wazi. Kinachotuzuia mara nyingi ni viwango, vifungashio, vipimo vya maabara na karatasi. Hayo yote ni mambo ya shule.

Baada ya miaka miwili, Septemba 2000, Katibu Mkuu Kofi Annan alimteua kuongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lililoko Nairobi. Wakati ule kilikuwa kituo tu. Chini yake, mwanzoni mwa mwaka 2002, kikapandishwa na kuwa shirika kamili, UN-Habitat, na yeye akachaguliwa na Baraza Kuu kuliongoza kwa cheo cha Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuchaguliwa na Baraza Kuu kwa cheo hicho. Alikaa hapo hadi mwaka 2010.

Tungeweza kuishia hapo tukapiga makofi. Lakini hotuba ya sifa tupu haimsaidii binti wa kidato cha pili. Anahitaji kujua kwamba njia hii ina miiba. Tutataja mitatu.

Wa kwanza. Katikati ya miaka ya tisini Profesa Tibaijuka alikuwa mwenyekiti mwanzilishi wa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA. Lilisemea haki ya mwanamke kumiliki ardhi, kurithi na kupata huduma za jamii. Mwaka 1997 serikali ililifutia usajili. Wanawake wale hawakurusha mawe. Walikwenda mahakamani. Kesi ilichukua miaka kumi na miwili, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kufutwa kule kulikuwa kinyume cha katiba. Katikati ya miaka hiyo, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zikatamka wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Sheria ipo. Wazee wetu, mnajua wenyewe kama inafuatwa kwetu. Ni wajane wangapi wa ndugu zetu wameondoka na ndoo na godoro baada ya arobaini? Hatutaji jina la mtu. Kila mmoja aangalie ukoo wake.

Wa pili. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa nyumba na vibanda vya watu mijini. Kofi Annan alimtuma yeye kwenda kuchunguza. Lilikuwa jambo la hatari kisiasa: Mwafrika kwenda kuikosoa serikali ya Kiafrika, wakati wakubwa wa Ulaya nao walikuwa wanaitafutia sababu. Angeweza kuandika maneno laini. Ripoti yake ilisema watu wapatao 700,000 walipoteza nyumba, au riziki, au vyote viwili. Mtu aliyezoea kupiga hesabu za kweli za Kagabiro alipiga hesabu za kweli za Harare.

Wa tatu ndio unaotuhusu sana usiku huu, na tumejadiliana sana ndani ya kamati kama tuuseme. Tumeamua tuuseme. Mnafahamu kwamba Profesa Tibaijuka aliporudi alichaguliwa mbunge wa Muleba Kusini na akawa Waziri wa Ardhi, na kwamba Desemba 2014 Rais Kikwete alitengua uteuzi wake kwenye sakata la Tegeta Escrow. Shilingi bilioni 1.6 zilikuwa zimeingia kwenye akaunti yake kutoka kwa mfanyabiashara. Yeye alieleza kwamba ulikuwa ni mchango kwa ajili ya shule. Na shule ipo: ni ya wasichana, jijini Dar es Salaam, chini ya mfuko aliouanzisha kwa jina la Barbro Johansson, yule mama wa Kiswidi aliyesomesha mabinti wa Kagera na akawa mbunge wetu katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Mabinti wengi wamesoma hapo. Hatukuja hapa kuwa mahakimu. Sisi tunachukua somo moja tu, na ni somo la mhasibu: fedha ya shule ipite kwenye akaunti ya shule, siku hiyohiyo, kwa risiti, hata kama anayeipokea ni mtu mwenye heshima kuliko sisi sote. Heshima ya miaka thelathini inaweza kuchafuka kwa namba ya akaunti.

Kabla hatujamnyooshea mtu kidole, tujitazame. Mwaka juzi chama chetu kilichangisha fedha za madawati. Baadhi ya michango ilipita kwenye simu ya mjumbe mmoja kwa sababu akaunti ya chama ilikuwa haijafunguliwa. Fedha ilifika, madawati yalinunuliwa, mliyaona. Lakini hesabu ilichelewa miezi saba kusomwa. Katika miezi hiyo saba watu walisema, na walikuwa na haki ya kusema. Wengine hawajarudi kuchangia mpaka leo. Kamati inaomba radhi kwenu, na kwa mjumbe yule pia, ambaye tulimwacha abebe maneno ambayo yalikuwa ya sisi sote.

Kwa hiyo safari hii taratibu ni hizi. Akaunti ni ya chama na ina watia saini watatu, mmoja wao ni mama kutoka Katesh ambaye si mwanakamati. Hakuna mchango utakaopokelewa kwenye simu ya mtu binafsi, hata kama umechelewa na benki imefungwa. Namba ya akaunti na kiasi tunachokitafuta vimeandikwa ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki. Kila robo mwaka hesabu itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule na kutumwa kwenye kundi letu, hata kama robo hiyo haikuingia kitu. Atakayeahidi leo jina lake litaandikwa kwenye ahadi, na atakapolipa litahamia kwenye malipo. Tumekubaliana pia kwamba ahadi isiyolipwa haitaimbwa.

Sasa bweni lenyewe.

Tangu mwaka 2016 sekondari za serikali hadi kidato cha nne hazina ada, na kidato cha tano na cha sita zikafuata mwaka 2022. Ni jambo kubwa. Lakini ada haikuwa kikwazo peke yake. Msichana anayetoka vijiji vya mbali na shule ya kata ana njia mbili. Ya kwanza ni kutembea, alfajiri akienda na jioni akirudi, kisha afike nyumbani aanze kuchota maji na kupika. Ya pili ni kupanga geto mjini yeye na mwenzake: chumba kimoja, kandili au taa ya sola, debe la mahindi kutoka nyumbani, na mlango ambao komeo lake ni la kamba. Ana miaka kumi na mitano. Debe likiisha kabla ya mwezi kuisha, kuna watu mitaani wanaojua kwamba limeisha. Wengi wetu tuna shangazi au dada ambaye shule yake iliishia kwenye chumba cha namna hiyo. Serikali tangu mwisho wa mwaka 2021 imeruhusu wasichana waliopata ujauzito kurudi shuleni, na tunaomba mzazi yeyote mwenye binti wa namna hiyo amrudishe. Lakini afadhali tumpe komeo la chuma kabla.

Rudini kwenye hesabu za Kagera. Profesa alionyesha kwamba mgawanyo wa kazi unaigharimu kaya. Hesabu hiyo inafanya kazi Hanang na Mbulu vilevile. Saa mbili za msichana njiani, saa mbili za maji, saa moja ya kuni: hizo ni saa ambazo kaka yake anazo kwa ajili ya daftari. Bweni ni namna ya kumrudishia saa zake. Tukikuomba mfuko wa saruji, kwa kweli tunakuomba umnunulie binti wa jirani yako saa tano kwa siku kwa miaka minne.

Mzee wetu wa mbaazi, tunarudi kwako sasa. Ulisema tukutafutie soko kwanza. Tukubali ukweli: chama hiki hakiwezi kufungua mlango wa New Delhi mwaka huu. India iliulegeza yenyewe mwaka 2021, na inaweza kuubana tena yenyewe siku itakayopenda. Alizeti nayo ni hivyohivyo: ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje ukipunguzwa, gunia la alizeti la Endasak linatetemeka. Ngano ya Basotu nayo tunaijua historia yake: mashamba ya maelfu ya ekari, mashine kutoka Canada, malisho ya Wabarabaig yaliyokwenda na jembe, na hadi leo nchi bado inanunua ngano yake nyingi nje. Katika mambo hayo yote kulikuwa na meza, na watu walikaa, na sisi hatukuwapo.

Binti anayeingia kidato cha kwanza Januari ijayo, akilala salama na kusoma, atakuwa chuo kikuu baada ya miaka sita. Baada ya kumi na mitano anaweza kuwa ndani ya wizara ya biashara, au Arusha kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, au Geneva. Anayejua mbaazi inavunwa mwezi gani, kwa sababu aliivuna. Huyo ndiye soko unalolitaka, mzee. Anachelewa kuiva kuliko mbaazi, lakini hakuna njia ya mkato.

Hatusemi kila msichana wa bweni letu atakuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Wengine watakuwa wauguzi Haydom, wengine wataendesha ghala la mazao Katesh, wengine watakuwa mama wa nyumbani wanaojua kusoma risiti ya mizani kabla ya kutia dole gumba. Wote hao tunawahitaji.

Kwa hiyo tunawaomba hivi. Mwenye uwezo wa tofali alete tofali. Mwenye bati, bati. Fundi aliye hapa na hana fedha, aje wakati wa likizo atupe wiki moja ya kazi. Gendabi wameshaahidi mchanga na mawe kutoka kijijini, na ni haki watushinde sisi tunaoishi mjini. Mzee wetu, kama mbaazi bado ziko stoo, tunapokea na mbaazi. Wasichana watakula.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zetu zimekwisha. Karibuni chakula, na mkimaliza, daftari la ahadi liko mlangoni, lina kalamu mbili.